Mama Alice na picha ya Baba Boali: namna mkono mdogo ulivyomsumbua mfalme

Picha moja ya mwaka 1904 inazunguka mpaka leo katika magrupe ya WhatsApp ya Goma, Bukavu, Bunia, Uvira na Kindu. Wengi wetu tumeiona. Wachache wanajua ni nani aliipiga, na wachache zaidi wanajua jina la baba aliye ndani yake. Leo tunasimulia maisha ya Alice Seeley Harris, mama wa Kiingereza aliyeleta mashini ya picha katika msitu wa Congo, na tunaangalia pia ufundi wake: namna ya kuweka vitu viwili vinavyopingana ndani ya picha moja mpaka mtu ashindwe kugeuza macho.

Mimi picha hii niliielewa kwenye mafunzo. Tulikuwa wanahabari kumi na mmoja wa redio za jamii, tumeketi katika chumba kimoja cha parokia, na umeme ulikuwa umekatika. Mkufunzi alikuwa na picha iliyochapwa kwenye karatasi kubwa. Alifunika sehemu ya chini kwa kiganja chake, akatuuliza tunaona nini. Tuliona baba mmoja ameketi kwenye baraza ya nyumba, ametulia, anaangalia chini. Mmoja wetu alifikiri baba huyo anapumzika baada ya shamba. Mwingine alidhani anangoja chakula. Kisha mkufunzi akaondoa kiganja. Mbele ya yule baba kulikuwa na vitu viwili vidogo sana: mkono wa mtoto na mguu wa mtoto, vimekatwa. Chumba kizima kikanyamaza.

Somo la siku ile lilikuwa hilo. Picha inaweza kusema kwa kuweka pamoja vitu ambavyo havipaswi kukaa pamoja: utulivu na mauaji, baraza ya nyumba na kipande cha maiti, mwili wa mtu mzima na kiganja cha mtoto. Ukiondoa kimoja, kingine kinabaki bubu. Wenye ufundi wanaita hiyo kontrasti. Sisi tunaweza kusema tu: kuweka vinavyopingana uso kwa uso.

Binti wa Malmesbury

Alice Seeley alizaliwa tarehe 24 Mei 1870 huko Malmesbury, mji mdogo wa Uingereza. Alipokuwa msichana alifanya kazi ya ofisi ya serikali mjini London, na saa zake za kupumzika alizitoa kwa kanisa, akihudumu katika mitaa ya watu maskini. Baadaye aliacha kazi hiyo, akaingia chuo cha kuandaa wamisionari.

Alikutana pia na John Hobbis Harris, kijana aliyekuwa na wito kama wake. Walifunga ndoa tarehe 6 Mei 1898, na siku nne tu baada ya harusi wakapanda meli kuja Congo. Wengine huenda fungate mahali pa kupumzika. Wao walikuja kuanza kazi na misheni iliyoitwa Congo Balolo Mission, ndani kabisa ya msitu wa ikweta.

Kwanza walikaa Ikau, kisha kuanzia mwaka 1901 wakawa Baringa, kwenye mto Maringa. Leo Baringa iko katika teritware ya Befale, jimbo la Tshuapa. Kwetu huku mashariki ni mbali, na watu wa kule wanasema Lomongo, si Kiswahili. Lakini wakati ule kule na huku kulikuwa chini ya bwana mmoja: Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Nchi yote ilikuwa inaitwa Dola Huru la Congo, na kwa kweli ilikuwa mali yake binafsi. Wazee wetu waliita serikali hiyo Bula Matari, mvunja mawe.

Kauchu na hesabu ya risasi

Ili kuelewa picha za Mama Alice, lazima kwanza kuelewa kauchu. Mwisho wa karne ya 19, Ulaya na Marekani walianza kutumia magurudumu ya mpira kwa baiskeli na kisha kwa motokari. Mpira huo ulitoka pia kwenye mitambaa ya porini, na msitu wa Congo ulikuwa umejaa mitambaa hiyo. Eneo la Baringa lilipewa kampuni moja iliyoitwa ABIR, ambayo makao yake makubwa yalikuwa Basankusu.

Wanaume wa kila kijiji walilazimishwa kuleta kiasi fulani cha kauchu. Ilibidi waingie mbali porini, wakate mitambaa, wakusanye utomvu. Mara nyingi walijipaka utomvu mwilini mpaka ukauke, kisha wanaubandua pamoja na manyoya ya ngozi. Wakichelewa, wake zao walifungwa kama rehani mpaka kauchu itimie. Fimbo ya ngozi ya kiboko ilifanya kazi kila siku.

Kampuni iliweka walinzi wenye bunduki katika vijiji, watu waliojulikana kama sentineli. Walinzi hao walipewa risasi kwa hesabu. Aliyetumia risasi alipaswa kuonyesha kwamba hakuipoteza kwa kuwinda nyama, na ushahidi uliotakiwa ulikuwa mkono wa mtu aliyeuawa. Ndiyo maana mikono ilikatwa. Wengine walikatwa wakiwa bado hai, ili hesabu ya mlinzi itimie.

Alice alikuja kufundisha watoto kusoma na kuwaambia habari za Injili. Alikuta watoto hawa wanakosa baba, wanakosa mama, au wanakosa mkono. Alikuwa na mashini ya picha iliyotumia mabamba makavu. Si mashini ya kubonyeza ovyo kama telefone zetu. Kila bamba lilikuwa la picha moja tu, na mtu alitakiwa kutulia. Kwa hiyo kabla ya kupiga, ilikuwa lazima kufikiri: nani akae wapi, jua linatoka upande gani, nyuma kuwe na nini.

Siku ya Mei 1904

Katika mwezi wa Mei 1904, watu wa kijiji cha Wala walifika kwenye misheni ya Baringa. Kati yao alikuwa baba mmoja jina lake Nsala. Alikuwa amebeba kifurushi cha majani. Alipokifungua, ndani kulikuwa na mkono na mguu wa binti yake, Boali, mtoto wa miaka kama mitano. Walinzi wa ABIR walikuwa wameshambulia kijiji sababu kauchu haikutimia. Walimuua Boali pamoja na mama yake. Vipande vile viwili ndivyo vilivyobaki mikononi mwa baba.

Hapa kwetu mwanaume mwenye mtoto anaitwa kwa jina la mtoto wake. Nami nitamwita hivyo: Baba Boali.

Alice alimuomba aketi kwenye baraza. Vile vipande viwili vikawekwa mbele yake. Kisha akapiga picha.

Tusimame kidogo hapa na tuisome ile picha polepole, maana imefanya kazi ambayo ripoti nyingi hazikuweza.

Jambo la kwanza ni ukubwa. Mwili wa Baba Boali ni mwili wa mwanaume mzima, mwenye nguvu. Vitu vilivyo mbele yake ni vidogo hata mtu anaweza kuvipita asivione. Jicho linaona kwanza mkubwa, kisha linatafuta anachokiangalia, ndipo linakikuta kidogo. Udogo ule ndio unatuambia kwamba aliyekufa alikuwa mtoto. Kama Alice angekaribia na kupiga mkono na mguu peke yake, tungeona nyama iliyokatwa, tungeshtuka, tungegeuza uso. Akiweka baba pembeni, tunaona mtoto aliyekuwa na baba.

Jambo la pili ni macho. Baba Boali hatuangalii sisi. Ameonekana kwa upande, na uso wake umeelekea chini. Macho yake yanavuta ya kwetu, yanatupeleka mahali pale pale anapoangalia. Hakuna mshale, hakuna maandishi, lakini kila mtu anajua aangalie wapi.

Jambo la tatu ni ukimya wa mahali. Hii si picha ya kijiji kinachoungua wala ya walinzi wenye bunduki. Ni baraza ya nyumba, mahali pa kusalimiana na wageni. Hakuna vitu vingi karibu naye. Nyuma, mbali kidogo, wapo watu wengine na miti. Maisha yanaendelea nyuma, na mbele maisha yamesimama. Mtu wa Ulaya aliyeona picha hii alijua baraza ni kitu gani, yeye pia anaketi nje ya nyumba yake jioni. Hakuweza kusema kwamba hayo ni mambo ya porini yasiyomhusu.

Jambo la nne ni rangi. Picha za wakati ule zilikuwa na nyeusi na nyeupe tu na kivuli kati yake. Kwa sisi watu weusi hilo ni tatizo linalojulikana na kila mpiga picha wa mtaa: ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweusi, anapotea. Inatakiwa kumweka mbele ya kitu cheupe ili umbo lake litokee.

Kitambaa cheupe

Hilo la rangi linaonekana zaidi katika picha nyingine za kampeni ile, za Alice na za wamisionari wenzake. Watu waliokatwa mikono wamefungwa kitambaa cheupe mwilini, na mkono uliokatwa umewekwa juu ya kitambaa. Mkono mweusi juu ya kitambaa cheupe: jicho halikosei. Unaona mkono unashuka vizuri kutoka begani, halafu unaisha ghafla mahali ambapo kiganja kilipaswa kuanza. Anayeangalia anakiona kitu ambacho hakipo.

Kuna picha ya vijana wawili, Mola na Yoka. Mola aliharibiwa mikono baada ya kufungwa kamba kwa nguvu mno mpaka nyama ikaoza. Yoka alikatwa mkono wa kuume. Mmoja ameketi, mwingine amesimama. Ukiwaangalia pamoja unaona njia mbili tofauti za ukatili ule ule, na huwezi tena kusema ilikuwa ajali ya siku moja.

Kuna nyingine ya wanaume wa eneo la Wala walioshika mikono iliyokatwa ya watu wawili, Bolenge na Lingomo, waliouawa na walinzi mwezi ule ule wa Mei 1904. Pamoja nao wamesimama wazungu wawili: John Harris, mume wa Alice, na mwenzake Edgar Stannard. Wazungu wamevaa nguo za Kizungu, wenyeji wako vifua wazi, na katikati kuna ile mikono. Picha hiyo ilipangwa hivyo kwa sababu. Leopold alikuwa na watu wa kumtetea katika magazeti ya Ulaya, na kila malalamiko ya Mwafrika yaliitwa uongo. Mzungu aliyesimama pembeni alikuwa kama muhuri chini ya barua.

Hapo ndipo roho yangu inauma kidogo. Nguvu ya picha ile ilitoka pia kwenye ubaya wa dunia ya wakati ule: watu wameshika mikono ya ndugu zao, na bado ilihitajika mzungu kando yao ili wasadikiwe.

Taa ya picha na mikutano ya usiku

Mwaka ule ule wa 1904, huko Uingereza, Edmund Dene Morel alianzisha chama cha kutetea watu wa Congo, Congo Reform Association. Balozi Roger Casement alikuwa ameandika ripoti kali juu ya mambo aliyoyaona mtoni. Maneno yalikuwepo tayari. Kilichokosekana kilikuwa macho. Picha za Alice zikaingia katika maandishi ya Morel, na mwaka 1905 mwandishi wa Marekani Mark Twain alitoa kitabu kidogo cha kumdhihaki Leopold, kikiwa na picha za wamisionari. Ndani yake Twain anamfanya mfalme mwenyewe alalamike kwamba mashini ya picha ndiyo shahidi pekee asiyeweza kumpa rushwa.

Alice na John walirudi Ulaya mwaka 1905, kisha wakaanza kuzunguka. Walitumia taa ya picha, chombo kilichoangazia mabamba ya kioo mpaka picha ikaonekana kubwa ukutani. Watu walijaa katika makanisa na kumbi. Walizunguka Uingereza, na mwaka 1906 walienda pia Marekani, ambako John aliandika kwamba walifanya mikutano 200 katika miji 49.

Hapo kontrasti ilitumika kwa namna nyingine, kwa kupanga picha moja baada ya nyingine. Mkutano haukuanza na damu. Watu walionyeshwa kwanza mto mkubwa, msitu, vijiji, nyuso za watu wazuri na watoto wao. Wasikilizaji walitulia, wakaanza kuwapenda watu hao wasiowajua. Kisha ikaja minyororo, ikaja fimbo, ikaja mikono. Kama picha mbaya zingekuja kwanza, zingekuwa habari za mahali pabaya. Zilipokuja baada ya nyuso nzuri, zilikuwa habari za watu walioharibiwa maisha.

Alice alisimama jukwaani yeye mwenyewe na kusema, katika wakati ambapo wamama wa Uingereza hawakuwa hata na haki ya kupiga kura ya bunge. Aliongea mbele ya mamia ya watu, usiku baada ya usiku. Hata hivyo, mara nyingi jina lake halikuandikwa chini ya picha, au sifa ilimwendea mume wake. Wengi waliojua picha hawakumjua aliyeipiga.

Vijiti vya chifu Lontulu

Haitakuwa haki kusema kwamba mashini ya muzungu ndiyo iliyofanya kazi yote. Kelele za kimataifa zilimlazimisha Leopold kutuma tume ya uchunguzi Congo, mwaka 1904 kuingia 1905. Tume hiyo ilisikiliza mashahidi wengi wa eneo la ABIR. Kati yao alikuwa chifu Lontulu wa Bolima.

Lontulu hakuwa na mashini ya picha. Alileta vijiti 110, kila kijiti ni mtu mmoja wa kwake aliyeuawa kwa ajili ya kauchu. Alivigawa mafungu manne: wakubwa wa kijiji, wanaume, wamama, watoto. Akaviweka mbele ya wachunguzi, akataja majina ya wafu, kijiti kwa kijiti.

Ukifikiri vizuri, ni ufundi ule ule. Kijiti ni kitu kidogo, hakina thamani, watoto wanachezea. Ukiweka kijiti hicho kando ya jina la mtu, na mbele ya mahakimu waliotoka Ulaya wenye makaratasi yao, kinakuwa kizito. Chifu wa Bolima alijua kuweka vinavyopingana uso kwa uso bila kufundishwa na mtu.

Tume ilithibitisha maovu mengi. Tarehe 15 Novemba 1908, Congo ilitolewa mikononi mwa Leopold na kuwa koloni la nchi ya Ubelgiji. Haikuwa uhuru. Kazi za kulazimishwa na fimbo ziliendelea kwa sura nyingine, wazee wetu wanajua. Lakini utawala wa mtu mmoja ulikuwa umevunjika, na picha zilikuwa moja ya nyundo zilizouvunja.

Upande ambao picha haukuuonyesha

Maisha ya Mama Alice nayo yana vinavyopingana. Alipigania watoto wa Congo, na wakati huo huo watoto wake wakubwa walikuwa wamebaki Uingereza, wakilelewa na watu wengine. Alizaa watoto wanne. Kwa miaka mingi aliwapa mapenzi watoto wa Baringa ambayo wa kwake waliyangoja mbali.

Alichukia ukatili wa Leopold, lakini yeye na mume wake hawakupinga ukoloni wenyewe. Waliamini kuna ukoloni mzuri unaoweza kuchukua nafasi ya mbaya. Kuna picha moja ambayo yeye amesimama na nguo yake nyeupe katikati ya kundi kubwa la watoto wa Kongomani. Ni picha ya upendo, ndiyo. Lakini jicho linaenda wapi kwanza? Linaenda kwenye kile cheupe kilicho katikati. Watoto wanakuwa uwanja tu wa kumtokeza yeye. Kontrasti ile ile iliyomtetea Baba Boali hapa inatukuza mtu mwingine.

Tena kuna swali juu ya Baba Boali mwenyewe. Alikuwa amepoteza familia, na katika saa ile akaombwa akae vizuri ili apigwe picha. Alikubali. Lakini mtu aliye katika hali hiyo anaweza kukataa? Alijua kwamba uso wake utaangaliwa miaka zaidi ya 120? Mimi sina jibu, na nadhani ni vizuri swali hili libaki linatusumbua sisi tunaoshika mashini.

Uzee mrefu

Alice na John walirudi Congo mwaka 1911 na 1912 kuona kama mambo yamebadilika, na Alice akapiga picha tena. John alikuwa sasa anaongoza shirika la Uingereza la kupinga utumwa. Mwaka 1933 alipewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza, na kwa hiyo mke wake akawa Lady Harris. John alikufa mwaka 1940.

Alice aliishi miaka mingine 30 baada yake. Aliona vita viwili vya dunia. Mwaka 1960 alikuwa na miaka 90 wakati Congo ilipopata uhuru. Alikufa tarehe 24 Novemba 1970 karibu na Guildford, akiwa na miaka 100 na miezi sita. Boali aliishi miaka kama mitano.

Na sisi wa leo?

Ninaandika haya kwa sababu huku mashariki mashini za picha zinakuja kila vita inapokuja. Sisi tunapigwa picha sana. Nami pia ni mpiga picha, na nimekosea.

Siku moja nilikuwa katika kambi ya wakimbizi wa vita. Nikaona mama mmoja ameketi chini na bidon ya njano tupu, na nyuma yake jeep nyeupe safi, inang'aa. Nikakumbuka mafunzo: vinavyopingana uso kwa uso! Nikapiga. Picha ilikuwa nzuri, ikasambaa. Baada ya wiki mbili yule mama alinitafuta. Shemeji yake aliiona picha kwenye telefone akiwa mbali, na hivyo familia nzima ikajua kwamba anaketi chini kama omba-omba, jambo alilokuwa amewaficha ili wasiteseke moyoni. Aliniuliza kwa nini sikumsalimia kwanza. Sikumuuliza hata jina. Nilitazama bidon na jeep, yeye sikumuona.

Hapo ndipo nilipomrudia Mama Alice na kuona tofauti. Pamoja na makosa yake yote, aliandika majina: Nsala, Wala, Boali. Kama jina lisingekuwepo, watetezi wa Leopold wangesema ni mtu yeyote, wa mahali popote, na mkono ule ni wa nyani. Kontrasti ilimfanya mtu asimame kuangalia. Jina, kijiji na tarehe ndivyo vilivyofanya picha iwe ushahidi. Moja bila nyingine haikutosha.

Kwa wenzangu vijana mnaopiga picha kwa telefone huko Masisi, Fizi, Djugu au Kabambare, hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Kwanza ninasalimia na kuomba ruhusa, na mtu akikataa ninaweka telefone mfukoni. Halafu ninaangalia mahali pote kabla ya kupiga: nini kiko mbele, nini kiko nyuma, kikubwa ni kipi, kidogo ni kipi, mwanga unaanguka wapi. Ninajiuliza vitu hivi viwili vikikaa pamoja vitasema ukweli, au vitasema uongo unaopendeza macho? Mwisho ninaandika jina, kama jina halimhatarishi mwenyewe. Kama linamhatarisha, ninalitunza kwangu na uso hauonekani.

Na wewe msomaji, picha ya baraza ya Baringa itakufikia tena, usiwe na shaka. Mara nyingi inakuja na maneno ya uongo, eti mtoto alikatwa mkono akaachwa hai, eti ni baba wa nchi nyingine. Usiitume hivyo. Andika chini yake: huyu ni Nsala wa Wala, aliyeuawa ni binti yake Boali, mwaka 1904, na aliyepiga ni Alice Seeley Harris. Ni mstari mmoja tu, hauchukui hata dakika.